Ushindi wa mashua uko penye boya

Siku chache kabla ya mashindano ya mashua Lamu, mazungumzo ya ufukweni huwa ya aina moja. Nani amepaka deheni mpya, nani ameshonesha tanga jipya la marudufu, foromali ya nani imeongezwa urefu. Mimi nimeshika demani katika mbio hizi tangu ujana wangu, na deheni siibezi, maana chombo kilichosuguliwa na kupakwa mafuta hayo vizuri tumboni huteleza. Lakini nimeona mashua zenye matanga mapya zikipitwa penye boya la kuzungukia na mashua kuukuu, na sababu ni moja: mabaharia wake hawakuwahi kukigeuza chombo pamoja kabla ya siku ya mbio.

Kwa msomaji wa bara, nieleze kidogo. Mashua yetu ina tanga moja la pembetatu, limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaotundikwa mlingotini. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuufuata upepo moja kwa moja kule unakotoka. Unakwenda kwa bisho: mshazari upande huu, kisha mshazari upande wa pili. Na kila ukibadili upande, foromali nayo sharti ihame ng'ambo ya mlingoti. Demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, inaachiwa. Tanga linapepea, foromali inasimamishwa wima, mguu wake unavutwa mlingotini, na mtu anaizungusha demani kupitia mbele mpaka upande mpya. Wenzake wakati huo wanahamisha magunia ya mchanga, ndiyo farumi yetu, kuyapeleka joshini, kule unakotokea upepo. Ubao nao unasukumwa nje upande huo huo, na vijana wanaukalia ili mashua isilale.

Muda wote huo tanga halivuti kitu. Mashua inakwenda kwa nguvu iliyobaki nayo tu, na mkanda wa bahari kati ya Lamu na Manda una mkondo usiomngoja mtu. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu huzidi mita 3, na maji yote hayo hupita hapo hapo penye maboya. Demani ikinasa kwenye ubao, mkondo unakusukuma ukalivae boya.

Kwa hiyo mazoezi ninayowahimiza vijana hayahitaji fedha. Chukua dumu tupu, lifunge kwa kamba na jiwe zito, litupe mahali pasipopita boti nyingi. Lizunguke asubuhi upepo ukiwa mwembamba, ulizunguke tena alasiri upepo wa kaskazi ukishapata nguvu. Anzeni polepole, kila mtu na kazi yake: huyu demani, huyu foromali, hawa magunia, yule upo wa kufulia maji. Mkishazoea, badilishaneni. Anayefua maji akishika demani siku moja, ataelewa kwa nini hapaswi kusimama katikati ya njia yake.

Kisha nahodha anyamaze. Hili wengi hawalipendi, lakini mimi nalisisitiza. Nahodha anayepiga kelele kwa kila jambo huwafanya mabaharia wangoje sauti yake, na kungoja ndiko kunakoivunja mashua mwendo. Neno moja, “Pindua!”, litoshe.

Yeye mwenyewe ana lake la kujifunza kwenye kana, mpini wa usukani. Vijana wengi huisukuma hadi mwisho kwa mara moja, wakidhani chombo kitageuka upesi. Usukani uliokingamishwa hivyo huzuia maji, na mashua nzito husimama kabla omo, pua ya chombo, haijaukata upepo. Mwache kwanza apate mwendo mzuri, ndipo aisukume kana taratibu, aizidishe kadiri omo inavyozunguka. Na boyani, aingie kwa mbali, atoke akiwa karibu nalo. Anayeingia karibu hutupwa mbali wakati wa kutoka, na pengo hilo mwenzake hulipita akiwa upande wa joshi.

Wanaodhani mazoezi ya namna hii ni ya wanagenzi wamtazame Paul Elvstrøm wa Denmark. Alishinda dhahabu ya Olimpiki mara nne mfululizo, 1948, 1952, 1956 na 1960, na alikuwa na benchi nyumbani la kujizoeza kuning'inia nje ya chombo hata siku asiyokuwa baharini. Alikuwa bingwa tayari, na bado akifanya mazoezi.

Kanuni nazo zifundishwe pamoja na mikono. Katika mbio za kimataifa, vyombo viwili vikikutana kwa mishazari tofauti, kile kinachopata upepo kwa upande wa kushoto humpisha mwenzake anayeupata kwa kulia. Anayeligusa boya hulipa kwa kuzunguka duara moja. Kijana wetu akizijua hizi, anaweza kushindana popote duniani bila kuona haya.

Tatizo ni kwamba mashua nzuri hufungwa gatini mwaka mzima au hubeba mizigo na wageni, na vijana hupewa siku mbili tatu kabla ya mbio. Ndugu zangu wenye vyombo, wa Shela, Matondoni na Kipungani: wapeni vijana mashua zenu alasiri moja kila wiki, msimu wa kaskazi na wa kusi, na mzee mmoja awe nao chomboni. Fedha ya tanga jipya ingojee mwakani.