MAEMBE YASIOZE CHINI YA MTI

Jioni ya leo kaa mlangoni umwangalie mtoto wako mdogo. Jua likishazama, kabla giza halijawa zito, mwite aje. Je, anakuja moja kwa moja? Au anapapasa ukuta na kujikwaa kwenye kigoda? Mpe kijiko. Je, anakiona?

Mtoto anayeona vizuri mchana, lakini haoni jioni, ni mgonjwa. Wazazi wengine hudhani ni mzembe, wakampiga. Wengine husema amerogwa. Kisha kidole kinaelekezwa kwa bibi jirani mwenye macho mekundu. Bibi huyo ana macho mekundu kwa sababu ya moshi wa jiko alilopikia miaka mingi. Hakumroga mtu.

Mtoto huyo amepungukiwa vitamini A. Vitamini ni kitu kilichomo ndani ya chakula. Hukioni, wala huwezi kukionja, lakini mwili hauwezi kukaa bila hicho. Vitamini A hulinda macho. Pia husaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto akiikosa, kwanza haoni jioni. Baadaye macho hukauka. Mwisho kioo cha jicho hupata kidonda na kutoboka. Hapo mtoto amekuwa kipofu, na hakuna dawa ya kumrudishia jicho hilo. Akipata surua katika hali hiyo, mambo haya yote huja upesi.

Kwa hiyo, mama au baba, ukiona mtoto hajikwai mchana ila anajikwaa jioni, mpeleke zahanati kesho asubuhi. Usingoje. Huko atapewa matone ya vitamini A. Tena mpeleke kila mwezi Juni na Desemba, wakati watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wanapopewa matone hayo, hata kama haumwi.

Lakini matone si chakula. Hebu tuangalie sahani zetu hapa Chato. Ugali wetu mwingi ni wa muhogo. Unashibisha na unatupa nguvu ya kulima. Lakini ni mweupe, na vitamini A haimo. Dagaa wa ziwani ni wazuri, msiwaache. Mchicha na kisamvu pia ni vizuri. Tabu ni kwamba watoto wadogo wengi hawapendi mboga za majani. Ukigeuka tu, wamezitoa mdomoni.

Embe hawatoi mdomoni.

Embe bivu lenye nyama ya manjano lina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ni ile rangi yenyewe ya manjano inayofanya kazi hiyo. Papai bivu ni hivyo hivyo. Embe bichi linaloliwa kwa chumvi lina faida nyingine, lakini rangi hiyo bado haijakomaa ndani yake. Sasa fikiri: msimu wa maembe ukifika, Novemba mpaka Januari, ni mangapi yanaoza chini ya miti yetu? Nzi wanashiba, na mtoto wa nyumba hiyo hiyo anapapasa ukuta jioni.

Mwaka 1975 redio ilituletea kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza na kujadiliana. Somo lile halijazeeka. Leo tutatengeneza chakula kitamu cha baada ya ugali, na hatutawasha moto ila kwa maziwa na maji tu.

Tafuta maembe makubwa mabivu 3, maziwa mgando vikombe 2, na karanga zilizokaangwa, kiganja kimoja. Chakula hiki kinatosha watoto 5.

Tuanze na maziwa, maana hapa ndipo wengi tunakosea. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, ambayo humpata na binadamu. Chemsha maziwa mpaka yapande. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tia vijiko 2 vya mgando mzuri wa jana, ukoroge. Funika kwa kitambaa safi, uache mpaka kesho. Ukitumia kibuyu, kisafishe kwanza kwa maji yaliyochemka. Wazee watasema mgando wa maziwa yaliyochemshwa hauna ladha. Wape waonje bila kuwaambia.

Siku ya pili, nawa mikono kwa sabuni. Osha maembe kabla ya kuyamenya, kwa maji yaliyochemshwa. Ninyi mnaokaa Muganza na Nyamirembe, maji ya ziwa msiyatumie hivi hivi. Menya maembe, kata nyama yake, uiponde kwa mwiko ndani ya bakuli. Kama embe lina nyuzi nyingi, likamue kwa mkono safi, nyuzi zibaki.

Sasa chambua karanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, zitupe. Zina sumu inayoharibu ini. Nzuri zitwange mpaka ziwe unga laini, ili mtoto asipaliwe. Mimina mgando juu ya embe, nyunyiza unga wa karanga, changanya. Mafuta ya maziwa na ya karanga husaidia mwili kuichukua ile rangi ya manjano. Ndiyo maana vitu hivi vitatu vinakwenda pamoja.

Sukari? Embe bivu lina sukari yake. Weka fedha yako.

Usidhani chakula hiki ni cha watoto au cha maskini. Huko Romania, nchi ya Ulaya, wakati wa joto watu wazima huchanganya matunda yao mekundu madogo na malai ya maziwa iliyochacha kidogo, wakafurahi. Sisi tuna maembe.

Mtoto wa miezi 6 hadi mwaka 1 mpe embe lililopondwa peke yake, vijiko vichache, na aendelee kunyonya. Usimtilie asali, inaweza kumdhuru sana mtoto wa umri huo. Mjamzito na mama anayenyonyesha wale bakuli zima, maana mtoto hupata vitamini kutoka kwao.

Maembe yakiisha, tumia papai kwa njia hiyo hiyo. Mpapai mmoja nyuma ya bafu, unaonyweshwa na maji ya kuogea, utazaa bila kungoja msimu. Chakula kikishachanganywa kiliwe siku hiyo hiyo. Kikibaki mpaka asubuhi, mpe kuku.