Nywele za Vibanio: Namna ya Kuzitunza Ili Mtaji Usipotee

Kikundi cha wasusi kinapopata mkopo wake wa kwanza, sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye kiti, draya na nywele za bandia. Kiti na draya hudumu kwa miaka. Nywele zikikosa matunzo huharibika ndani ya miezi michache, na marejesho ya mkopo hubaki palepale. Katika toleo hili tunaeleza namna ya kutunza na kuhifadhi nywele za vibanio, kwa kuwa kamati nyingi hutuuliza kwa nini bidhaa hii huisha upesi.

Nywele za vibanio ni vipande vilivyoshonwa kwenye utepe mwembamba wenye vibanio vidogo vya chuma. Mteja huvivaa asubuhi na kuvivua kabla ya kulala, tofauti na nywele za kushonea zinazokaa kichwani kwa wiki kadhaa. Hivyo seti moja hutumika mara nyingi, na saluni inaweza hata kuikodisha kwa maharusi. Faida yake iko hapo.

Kutambua aina
Zipo nywele halisi za binadamu, ambazo nyingi hutoka India na China, na zipo za plastiki. Bei hutofautiana sana, na wapo wauzaji wanaouza za plastiki kwa bei ya halisi. Kabla ya kulipa, ombeni unywele mmoja muuchome kwa kiberiti. Unywele halisi hunuka kama unyoya uliochomwa na kubaki majivu yanayosagika. Wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kuosha na kukausha
Nywele hizi hazipati mafuta kutoka kwenye ngozi ya kichwa kama zetu zinavyopata. Zikioshwa mara kwa mara hukauka na kukatika. Kwa mvaaji mmoja, inatosha kuziosha baada ya kuzivaa mara 15 hadi 20, au zinapoanza kunata. Taratibu ni hizi:

1. Zichaneni kwanza, mkianzia nchani na kupanda taratibu hadi kwenye utepe.
2. Tumieni maji ya vuguvugu na shampuu laini. Sabuni ya mche haifai.
3. Pitisheni mkono kutoka juu kwenda chini bila kusugua wala kukamua.
4. Nywele halisi zipakeni kondishena, lakini isiguse utepe, kwani hulegeza mishono na vibanio huteleza.
5. Zitandazeni juu ya taulo kivulini hadi zikauke kabisa. Jua kali hufifisha rangi.

Pasi ya nywele itumike kwa nywele halisi tu, tena kwa moto wa wastani. Za plastiki nyingi huyeyuka zikiguswa na pasi.

Kuhifadhi
Unyevu ni adui mkubwa, hasa kwa walio pwani kama Tanga na Dar es Salaam. Nywele zikifungiwa zikiwa na maji huota ukungu, na vibanio hushika kutu inayotia madoa. Fungeni vibanio vyote ili visinase nywele, zilazeni zikiwa zimenyooka, kisha ziwekeni katika mfuko wa kitambaa laini au boksi lenye kifuniko. Mfuko wa plastiki uliofungwa huzuia hewa. Kwa maeneo yenye vumbi, msiziache zikining'inia dukani mchana kutwa.

Afya ya mteja
Seti ya kukodisha ioshwe kila inaporudi, na vibanio vipanguswe kwa spiriti. Mwenye mapunye au chawa atibiwe kwanza. Vibanio vifungwe juu ya mistari imara, kwa mfano ya twende kilioni, na kila siku vihamishwe kidogo. Visibanwe kwenye nywele laini za pembeni mwa uso. Kuvutwa kwa muda mrefu mahali pamoja hunyonyoa nywele, na upara huo unaweza kuwa wa kudumu.

Seti ya nywele halisi ikitunzwa hivi inaweza kudumu mwaka mmoja au zaidi. Tunazishauri kamati zinapokagua vikundi zisiishie kwenye daftari la marejesho. Ombeni pia kuona boksi la nywele, maana mtaji wa kikundi umo humo.