Kujua Kucheza Si Kujua Kufunza

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Aghalabu sisi humtuza mjuzi wa jambo kwa kumkabidhi wengine awafundishe, kana kwamba ujuzi na ufundishaji ni kitu kimoja. Historia ya besiboli, mchezo unaoenziwa sana Marekani, inatupa sababu ya kuitilia shaka dhana hiyo.

Katika mchezo huo mrushaji huutupa mpira kwa kasi, naye mpigaji huukabili kwa gongo. Anayefaulu mara 300 katika kila majaribio 1,000 huhesabiwa kuwa hodari. Mwaka wa 1941, Ted Williams wa Boston Red Sox alifikia kiwango cha 406. Alistaafu mwaka wa 1960, na mwaka wa 1969 akafanywa meneja, yaani mkufunzi mkuu, wa Washington Senators. Msimu wa kwanza ulitia moyo: timu ilishinda mara 86 na kushindwa 76. Kisha ikaporomoka. Mwaka wa 1972, ilipokwisha kuhamia Texas, ilishinda mara 54 tu na kushindwa 100. Williams aking'atuka. Si haki kumtwika lawama zote, kwani timu yenyewe ilikuwa dhaifu. Hata hivyo, ni bayana kwamba umahiri wake haukuwaambukiza wachezaji wake.

Mlinganishe na Walter Alston. Huyu alicheza katika ligi kuu siku moja tu, mwaka wa 1936. Alipewa nafasi moja ya kupiga, akaukosa mpira. Lakini tangu mwaka wa 1940 alianza kuongoza timu za ligi ndogo huku akiendelea kucheza, na katika miezi ya mapumziko alifundisha shuleni huko Ohio. Alipokabidhiwa timu ya Dodgers mwaka wa 1954, tayari alikuwa ameisomea kazi ya ukufunzi kwa miaka mingi. Aliiongoza kwa misimu 23 na kutwaa taji la World Series mara nne.

Sarufi ya Kiswahili inalielewa jambo hili. Kitenzi 'cheza' hutosheka na mtendaji mmoja. Kikinyambuliwa kuwa 'chezesha', huongezeka mtu wa pili, na kitendo hakikamiliki mpaka huyo wa pili acheze. Ndivyo ilivyo kwa 'soma' na 'somesha'. Aidha, mzawa wa Lamu husema 'kisu hiki' bila kukosea tangu utotoni, lakini ukimuuliza kwa nini si 'kisu hii', huenda akabaki kukushangaa. Anaijua lugha; kuifunza ni kazi nyingine.

Tunaofundisha vyuoni hatuna budi kujihoji. Walimu wa shule husomea ualimu, ilhali mwenye shahada ya uzamifu mara nyingi huingia darasani bila kuulizwa kama aliwahi kufundishwa kufundisha. Wanafunzi wakianguka, husemwa kuwa ni wavivu. Anayetaka kuajiriwa na afundishe kwanza somo moja mbele ya wenzake, na mhadhiri mchanga akae chini ya mwalimu mzoefu kwa muda, kama Alston alivyopikwa katika ligi ndogo.

Mcheza na atuzwe kwa kucheza kwake. Tuzo ya ukufunzi tumpe yule ambaye wanafunzi wake wamejua kucheza.