Mwenye daftari hulipa kodi ndogo



Jioni moja alikuja darasani kwetu mwanakisomo mmoja, mama mwenye duka dogo la rejareja. Dukani kwake huuza sukari, chumvi, sabuni na viberiti. Mkononi alishika karatasi ya kodi. Akasema, "Mwalimu, hebu nisomee tena. Kusoma nimesoma, ila sijaamini."

Tukaisoma pamoja. Kodi ya mwaka ni shilingi 100,000. Jirani yake, mwenye duka linalofanana na lake, alikuwa ameandikiwa shilingi 30,000 tu. Mama akauliza kwa hasira, "Huyu jirani amewapa nini?"

Tukamwita jirani naye aje. Kumbe baba yule hakutoa kitu kwa mtu. Alikuwa na daftari.

Hapa inabidi tueleze sheria ya Tanzania Bara. Mwenye duka dogo, ambaye si kampuni, hulipa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka. Mauzo siyo faida. Mauzo ni jumla ya vitu vyote ulivyouza, kabla hujatoa fedha ya kununulia mali nyingine. Watu wengi huchanganya hapo.

Tutumie viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2022. Mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka hayalipi kodi hii. Yakiwa kati ya milioni 4 na milioni 7, kuna njia mbili. Asiye na kumbukumbu za maandishi hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa shilingi 3 katika kila shilingi 100 ya kile kilichozidi milioni 4.

Sasa tupige hesabu ya yule baba. Aliuza mali ya shilingi 5,000,000. Toa 4,000,000, inabaki 1,000,000. Tatu kwa mia ya hiyo ni shilingi 30,000. Basi. Daftari la bei ndogo limemwokolea shilingi 70,000.

Duka likikua, tofauti nayo inakua. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000, na tatu kwa mia ya kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 8 ni shilingi 120,000. Kuanzia milioni 11 hadi milioni 100 kodi ni tatu na nusu kwa mia ya mauzo yote.

Mama akasema, "Lakini mimi mambo yangu yote ninayo kichwani!" Ni kweli, tunamjua. Hakuna mdeni wake anayesahauliwa hata kwa shilingi mia. Lakini ofisa wa kodi hawezi kufungua kichwa akasoma. Asipoona maandishi atakadiria mauzo, na makadirio yanaweza kuwa makubwa kuliko mauzo yenyewe.

Basi daftari liandikweje? Siyo lazima liwe la kitaalamu. Kiswahili chako kinatosha. Andika kila jioni kabla hujafunga duka, maana kesho utakuwa umesahau. Hii ni siku moja ya yule baba:

Fedha ya kuanzia asubuhi: 10,000
Mauzo ya fedha taslimu: 13,000
Mauzo ya mkopo: 1,500
Deni la zamani lililolipwa: 2,000
Kununua mali: 8,000
Nauli: 1,000
Fedha ya nyumbani: 2,000

Mauzo ya siku ile ni ngapi? Ni 13,000 na 1,500, yaani 14,500. Na sandukuni zimebaki ngapi? Chukua 10,000, ongeza 13,000, ongeza deni lililolipwa 2,000. Jumla 25,000. Toa 8,000, toa 1,000, toa 2,000. Zinabaki 14,000. Hesabu fedha zako. Ukikuta 12,000, kuna elfu mbili zimetoka bila kuandikwa. Mara nyingi utazikuta kwa watoto, au kwa shemeji aliyepita na kusema atarudisha.

Angalieni sana hilo deni la zamani. Siku ulipotoa sukari kwa mkopo uliandika kuwa ni mauzo. Siku mdeni anapolipa, usiandike mauzo tena. Ukifanya hivyo sukari ile ile imeuzwa mara mbili katika daftari, na utailipia kodi mara mbili. Tumeona wenye maduka wengi wakikosea hapa, hata waliosoma kutuzidi.

Fedha ya nyumbani nayo andika, hata kama unaona haya. Siyo matumizi ya duka, lakini imetoka dukani.

Kuna kodi nyingine inayowachanganya watu, ile ya ongezeko la thamani, VAT. Ilianza Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani. Kiwango chake cha kawaida kilikuwa 20 kwa mia, na mwaka 2009 kikashushwa kuwa 18. Anayeilipa hasa ni mnunuzi wa mwisho. Mfanyabiashara aliyesajiliwa huikusanya tu. Akinunua mali ya 100,000 huongezewa 18,000. Akiiuza kwa 120,000 humtoza mteja 21,600. Hutoa 18,000 aliyokwisha kulipa, na 3,600 iliyobaki hupeleka serikalini. Hiyo siyo fedha yake, asiile.

Duka dogo la kijijini halimo katika usajili huo. Mwaka 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa kilipandishwa kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kwa hiyo muuzaji asiyesajiliwa akikuambia, "Ongeza kidogo ya VAT," mkatalie. Hana ruhusa ya kuitoza.

Vijana wetu wanasema siku hizi simu ina programu ya mahesabu, daftari la nini? Programu ni nzuri. Inajumlisha haraka na haichoki. Lakini haijui kwamba umetoa sabuni mbili kwa mkopo mpaka wewe uiambie. Asiyeandika daftarini hataandika kwenye simu. Tena simu huibiwa, huanguka kisimani. Ukiitumia, nakili jumla ya kila siku kwenye karatasi.

Ukienda kununua mali duka la jumla, dai risiti. Ibandike kwenye ukurasa wa siku ile. Namba ya mlipa kodi, TIN, hutolewa bure. Mtu akikuomba hela ili akupatie, jua ni yake ya mfukoni. Kodi yenyewe inaweza kulipwa kwa awamu nne katika mwaka.

Yule mama alinunua daftari kesho yake. Ya mwaka ule alilipa 100,000, kwa sababu siku zilizopita haziwezi kuandikwa upya. Akatuuliza alitunze muda gani. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Tukamshauri alitie ndani ya debe lenye mfuniko, maana kwetu mchwa hawachagui karatasi.