Kambare wa deraya si mfagizi wa tangi

Mwenye tangi la samaki huenda amewahi kuambiwa dukani: "Chukua na huyu mdogo wa chini, atakula uchafu." Mara nyingi huyo wa chini huwa ni koridorasi, kambare mdogo wa maji matamu. Kwa maneno hayo wengi wao hufa njaa, huku mwenyewe akidhani samaki wake ameshiba kinyesi cha wenzake.

Koridorasi si wa kwetu. Asili yake ni mito na vijito vya Amerika Kusini, tangu kisiwa cha Trinidad hadi Argentina. Aina zake zapita 150, na nyingi hazizidi urefu wa kidole. Aina mojawapo ilikusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle, na mwaka 1842 Leonard Jenyns akaipa jina la kisayansi.

Jina koridorasi latokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kofia ya vita na ngozi. Samaki huyu hana magamba kama changu au tasi. Kila ubavu una safu mbili za vibamba vya mfupa, vimepandana mfano wa vigae vya paa. Mapezi yake ya ubavuni na la mgongoni yana miiba. Akishtuka huisimamisha ikakaza, na samaki mkubwa anayetaka kummeza hukwamwa naye kooni. Aliyewahi kuchomwa na hongwe haitaji kuelezwa zaidi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kazi ya sharubu zake ni kutafuta chakula. Huzipitisha mchangani, akachota mchanga mdomoni, akabakisha minyoo na mabuu ya wadudu, na mchanga ukatokea kwenye matamvua. Kwa hivyo anachofuata chini ni viumbe hai, si uchafu. Anahitaji chakula chake mwenyewe, kinachozama hadi chini, na mchanga laini badala ya kokoto zenye makali.

Jambo jingine huwatia watu hofu. Ghafla samaki huyu hupaa hadi juu ya maji, akameza hewa, kisha akarudi chini. Huo si ugonjwa. Maji ya vijito vyao hupungukiwa na oksijeni, naye ana njia ya pili ya kupumua. Kambare wetu wa Mto Tana ana kiungo maalumu juu ya matamvua kwa kazi hiyo. Koridorasi hutumia utumbo wake wa nyuma, ambao hufyonza oksijeni kutoka kwa ile hewa aliyoimeza. Lakini akipanda juu kila mara, jua maji yamechoka, uyabadilishe.

Tena hapendi upweke. Kwao huishi kwa makundi, hivyo kumweka mmoja peke yake ni kumtesa. Wakati wa kuzaa, jike hubeba mayai machache kati ya mapezi yake ya tumboni, akayabandika kwenye majani au jiwe, kisha akarudi kubeba mengine. Yakishabandikwa hayalindi tena.

Kwa sisi wa pwani lipo la kuangalia zaidi. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, na samaki huyu hawezi kuyavumilia. Ya mfereji nayo yaache yakae kwanza hadi dawa iishe.

Na ukimchoka, usimwage mtoni wala kwenye bwawa. Jamaa zake wakubwa wenye deraya, waliotupwa hivyo hivyo, wameenea Mexico, Ufilipino na Bangladesh. Huko huchimba kingo za mito na kukwama kwenye nyavu za wavuvi. Mpe jirani anayefuga, au mrudishe dukani. Sabaki na Tana zina samaki wake, na wapo watu wanaowategemea.