Nani Anamkaba Mwenzako Usiku?

Umeme umekatika. Prepu imevunjika, na bwenini kila mtu kajikunyata kitandani. Mmoja anaanza: "Jamani, mnajua ya yule dereva wa teksi aliyempakia dada mrembo usiku wa manane? Dada anashuka, dereva kutazama chini... kwato!" Basi hapo ni kelele na vicheko, na hakuna anayethubutu kwenda chooni peke yake mpaka kupambazuke.

Na wewe umeshasimulia hadithi kama hiyo, sivyo? Mimi pia. Sasa hebu tujiulize: hofu hii inatoka wapi, na lini inaacha kuwa mchezo?

KWA NINI TUNAPENDA KUOGOPA?

Unapoogopa, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, viganja vinatoa jasho. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Lakini ukiwa kitandani na wenzako wamekuzunguka, ubongo unajua kwamba hakuna hatari. Hofu inageuka raha. Hakuna ubaya hapo.

Ubaya unaanza pale hadithi inapoisha na sisi tukaendelea kuamini.

KISA CHA KIDATO CHA PILI

Nilipokuwa kidato cha pili, rafiki yangu aliamka usiku mmoja akilia. Alisema aliona kivuli kimemkalia kifuani. Alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Alitaka kuinua mkono, ukagoma. Usiku wa tatu ikatokea tena.

Tulikuwa tumeshamaliza wiki nzima tunasimuliana habari za wachawi. Kwa hiyo "mchawi" akapatikana haraka: msichana mgeni, mkimya, aliyezoea kuamka usiku kusali peke yake. Godoro lake likatupwa nje. Hakuna aliyekula naye. Mimi sikulitupa godoro, lakini nilihamisha kitanda changu mbali na chake. Muhula ulipokwisha, aliondoka na hakurudi tena.

KUMBE NI NINI?

Nilikuja kupata jibu nikiwa chuo kikuu. Waswahili wanasema mtu "amekabwa na jinamizi". Wataalamu wanaeleza hivi: tukiwa katika ule usingizi wa ndoto nyingi, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusirushe mikono na miguu kufuata ndoto. Mara nyingine akili inaamka kabla misuli haijaruhusiwa kuamka. Macho yako wazi, mwili umeganda, na ndoto bado inaendelea. Ndipo unapoona kivuli au kuhisi uzito kifuani. Huchukua sekunde chache au dakika chache tu, kisha huisha. Inatisha sana, lakini yenyewe haiui.

Hutokea zaidi kwa mtu asiyelala vya kutosha, mwenye wasiwasi mwingi, au anayelala chali. Sasa fikiria bweni wakati wa mitihani!

HOFU INAAMBUKIZA

Mwaka 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Wengine wakafuata, wakicheka na kulia kwa zamu. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala viini vya ugonjwa. Walioandika habari zake mwaka 1963 waliona kwamba ni histeria iliyoenea kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Wasichana wale hawakuwa wakijifanya. Mwili unaweza kweli kuonyesha kile ambacho moyo umeshindwa kukisema.

Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja. Watu waliogopa kulala ndani, wakakesha nje kwa makundi. Katika hofu ile, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani kuwa yeye ndiye Popobawa. Hapo hapakuwa na mchezo tena.

MWIGE BWANA MSA

Je, tuache kusoma hadithi za kutisha? Hapana! Tuzisome vizuri. Katafute maktaba kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kiitwacho *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotolewa mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na wengi wanadhani mizimu imekasirika. Bwana Msa, pamoja na kiko chake, hakubali haraka. Anauliza, anachunguza, mpaka anampata binadamu aliyefanya kazi ile.

Ukisikia tetesi bwenini, nawe uliza:
- Nani aliona kwa macho yake? Au kila mtu "kaambiwa"?
- Mgonjwa amelala saa ngapi wiki hii? Ana tatizo gani nyumbani au masomoni?
- Nani ataumia tukiamini bila kuchunguza?

MWENZAKO AKIKABWA

- Kaa naye na uongee naye polepole. Mwite jina, mguse bega. Usipige mayowe.
- Mshauri alale mapema, kwa saa zilezile kila siku, na alale ubavu.
- Mweleze kwamba si yeye peke yake. Watu wengi duniani wameshapatwa.
- Kama anaanguka kifafa, anasikia sauti mchana, au hali imemzidia, mwambieni matroni au mwalimu, aende kituo cha afya.
- Kamwe usitaje jina la "mchawi". Jina likishatajwa, kulirudisha ni kazi.

Mpaka leo sijui yule msichana yuko wapi. Ningemwona, ningemwomba radhi. Wewe bado una nafasi: kama kuna mtu bwenini kwenu analala peke yake pembeni kwa sababu ya maneno ya watu, usiku wa leo sogeza kitanda chako karibu na chake.

Jadilianeni: shuleni kwenu, nani ameshawahi kusingiziwa, na nani alimtetea?