Akiba ya Mayai Ndani ya Ovari

Msichana huzaliwa na mayai yake yote. Katika ovari zake mbili mna mayai machanga kati ya milioni 1 na milioni 2. Mengi hufa taratibu. Anapovunja ungo hubaki takriban 300,000 hadi 400,000. Yatakayopevuka na kutoka katika maisha yake yote ni kama 400 tu.

Mzunguko huanza siku ya kwanza ya hedhi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni inayoamsha vifuko kadhaa vya mayai. Kimoja huvipita vingine na kutoa estrojeni kwa wingi, nayo hujenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba. Kisha homoni nyingine hupanda ghafla, kifuko hupasuka, na yai huingia kwenye mrija wa falopio.

Yai hilo huishi kwa muda usiozidi saa 24.

Wengi hudhani kwamba siku ya yai kutoka lazima iwe ya 14 ya mzunguko. Sivyo. Katika miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kuwa yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35, basi, hupevusha yai karibu na siku ya 21. Na kwa kuwa mbegu za kiume zaweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke, kuhesabu siku kwa kalenda peke yake ni kinga dhaifu dhidi ya mimba.

Yai lisiporutubishwa, projesteroni, homoni inayodumisha utando wa mji wa mimba, hushuka, utando hubomoka na hedhi huanza tena.